Usonji Nyumbani: Si Kazi ya Mama Peke Yake

Safari hii tunazungumzia jambo ambalo wengi mmeliona mtaani, na baadhi yenu mnaishi nalo nyumbani kabisa, ila hamjapata mtu wa kukaa naye chini mkalizungumza. Jambo lenyewe ni usonji. Wengine huuita otizimu.

Pengine unamjua mtoto ambaye ukimwita hageuki, ingawa masikio yake ni mazima. Anaweza kuzungusha gurudumu la kigari chake saa nzima. Mashine ya kusaga ikiwaka anaziba masikio na kulia. Majirani nao hawakosi la kusema: eti karogwa, eti ana mashetani, eti mama yake alivunja mwiko. Wengine wanamwita zezeta mbele ya wenzake.

Tutaeleza usonji ni nini hasa. Lakini kubwa zaidi, tutaangalia ndani ya nyumba: nani anachoka, nani anakatishwa shule, nani anabeba lawama, na wewe kijana unaweza kusaidia vipi bila kuyaacha masomo yako.

USONJI NI NINI?

Usonji hauambukizi. Ni ubongo kukua kwa namna tofauti, na mara nyingi tofauti hiyo huanza mtoto akiwa bado tumboni. Huonekana katika mambo mawili makubwa.

La kwanza ni kuwasiliana na kuchangamana na watu. Mtoto anaweza kuchelewa kusema, au asiseme kabisa. Anaweza kurudia maneno yako kama mwangwi: ukimuuliza "Unataka uji?" naye anajibu "Unataka uji?" Huenda hakutazami usoni, au haelewi utani na kununa kwa mwenzake.

La pili ni kupenda mambo yaleyale na kuhisi vitu kupita kiasi. Anapanga vifuniko vya soda mstari mmoja, na ukikigusa kimoja ni kilio. Anataka kikombe kilekile na njia ileile ya kwenda dukani. Kola ya shati inaweza kumkera kama upupu. Mwingine ni kinyume chake: anaumia na wala halii.

Lakini hawafanani. Mmoja hasemi neno, mwingine anasema bila kukoma juu ya mabasi na namba zake. Mmoja anahitaji msaada wa kuoga maisha yake yote, mwingine anafika chuo kikuu. Ndiyo maana mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani waliziunganisha aina zilizokuwa zikitajwa mbalimbali, zikawa chini ya jina moja lenye upana wake.

Je, ni wengi? Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa hesabu hiyo, kijiji cha watu 2,500 kingekuwa na watu kama 20. Sasa jiulize, hapo kwenu umewahi kuwaona wangapi? Wengine wako ndani, wamefichwa. Wengine unakaa nao darasani na hakuna anayejua. Wavulana hugunduliwa zaidi kuliko wasichana, lakini sababu mojawapo ni kwamba wasichana wengi hujifunza kuigiza wenzao, wakaonekana ni wapole tu.

DALILI ZA MAPEMA

Kama una mdogo wako nyumbani, angalia mambo haya:

• Ana miezi 12 na haitiki wala kugeuka akiitwa jina lake.
• Ana mwaka na nusu na haoneshi kitu kwa kidole ili na wewe ukione.
• Ana miaka miwili na hajaunganisha maneno mawili, kama "mama njoo".
• Alikuwa akisema au akicheka na watu, kisha akaacha. Hili ni la kuwahi hospitali katika umri wowote.

Dalili moja peke yake haitoshi kusema ana usonji. Huenda hasikii vizuri. Kwa hiyo kupimwa masikio ni hatua ya kwanza ya maana. Usimpe mtoto jina la ugonjwa kwa kusoma gazeti, hata hili.

KOSA LA NANI?

Hapa ndipo nyumba nyingi zinapobomoka. Mtoto akionekana ana tofauti, kidole kinaelekezwa kwa mama. Ukoo wa baba unasema kwao hakuna watoto wa namna hiyo. Fedha zinakwenda kwa mganga, mtoto anachanjwa chale, kuku na mbuzi wanaliwa, na mtoto yuko vilevile.

Usidhani ni kwetu tu. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11 wenye hali hii. Baadaye ikaenea fikra kwamba watoto huwa hivyo kwa sababu wazazi wao ni baridi, hawana upendo. Mwaka 1967 Bruno Bettelheim alitoa kitabu kilichoitia nguvu fikra hiyo. Hebu fikiria: mama halali usiku kwa ajili ya mwanawe, na mtaalamu anamwambia, "Ni wewe uliyemharibu." Kule walikosa mchawi, wakamfanya mama kuwa mchawi!

Wazazi wenyewe walikataa. Uingereza waliunda chama chao mwaka 1962. Marekani, Bernard Rimland, msomi wa saikolojia ambaye mtoto wake alikuwa na usonji, aliandika mwaka 1964 kwamba chanzo kimo mwilini. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter wakatoa matokeo ya kuchunguza jozi 21 za mapacha. Kati ya jozi 11 za mapacha wa kufanana kabisa, jozi 4 zilikuwa na watoto wote wawili wenye usonji. Kati ya jozi 10 za mapacha wasiofanana, hakukuwa na hata moja. Hapo ikaonekana wazi kwamba urithi una sehemu kubwa. Leo tunajua ni vinasaba vingi, na mambo mengine yanayogusa ubongo unapokua. Wala urithi si kosa la mtu. Hakuna anayechagua vinasaba vya kumpa mwanawe.

Na chanjo je? Mwaka 1998 daktari Andrew Wakefield wa Uingereza alidai kuna uhusiano kati ya usonji na chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela. Wengine walichunguza watoto wengi sana, wasiuone uhusiano huo. Mwaka 2010 jarida lililochapisha makala yake liliifuta, na yeye akafutwa kwenye orodha ya madaktari. Surua inaua watoto. Mdogo wako apelekwe chanjo zake zote.

NYUMBANI KUNAKUWAJE?

Tuseme uko kidato cha pili. Mdogo wako ana miaka sita, ana usonji, hasemi. Usiku anaamka saa nane na kuanza kurukaruka kitandani. Wengi wenye usonji wana shida ya usingizi. Mama anaamka naye. Saa kumi na moja mama huyohuyo anatakiwa awe jikoni anakaanga maandazi ya biashara, na mtoto akiachwa dakika mbili tu anatoka nje kuelekea barabarani.

Baba anaanza kurudi nyumbani usiku sana. Huenda si kwamba hampendi mwanawe. Huenda anaona haya, au hajui afanye nini, na wanaume wengi wamelelewa wasiseme "nimeshindwa". Lakini kila saa ambayo baba hayupo, inabebwa na mama.

Mama akizidiwa, inabebwa na nani? Wewe. Hasa kama ni msichana. Leo unaambiwa, "Mwanangu, baki kidogo na mdogo wako, niuze haya maandazi." Kesho tena. Mwisho wa muhula umekosa siku ishirini, mwalimu anasema mtoro, na hesabu zimekupita. Hakuna aliyekaa akaamua kukuachisha shule. Imetokea tu, siku moja moja.

Hili tunalisema kwa uwazi kwa sababu linaharibu maisha ya wawili. Mtoto mwenye usonji anakosa watu wengi wa kumpenda na kumfundisha, na dada yake anakosa elimu. Kumsaidia mdogo wako ni jambo jema sana. Kugeuzwa mama yake wa pili ukiwa na miaka kumi na tano si haki.

Zungumza mapema, wakati nyumba imetulia. Unaweza kuanza hivi: "Mama, nampenda sana mdogo wangu na naona unavyochoka. Lakini wiki hii nimekosa shule siku mbili. Naomba tukae na baba tupange zamu." Kama baba hasikilizi, mtafute anayemsikiliza: baba mkubwa, shangazi, bibi, shehe au mchungaji. Mwambie na mwalimu wa ushauri shuleni. Zamu inaweza kuwa ndogo tu: baba Jumamosi asubuhi, shangazi Jumatano, wewe nusu saa jioni baada ya kusoma.

AKIZIDIWA UFANYEJE?

Umempeleka sokoni. Watu wengi, redio tatu zinapiga kila moja wimbo wake, harufu ya samaki, jua kali. Ghafla anajitupa chini, anapiga kelele, anajing'ata mkono. Watu wanasema, "Mchape huyo, kadekezwa!"

Kudeka na kuzidiwa ni vitu viwili. Anayedeka anataka kitu, na anakuchungulia kuona kama umekubali. Aliyezidiwa hatafuti kitu. Kichwa chake kimejaa kelele na mwanga mpaka hakiwezi tena. Ukimchapa unamwongezea. Fanya hivi:

1. Wewe mwenyewe tulia. Sauti yako ishuke.
2. Mtoe kwenye kelele, au waombe watu wasogee.
3. Maneno yawe machache: "Niko hapa." Basi.
4. Usimshike kwa nguvu, isipokuwa kuna hatari kama gari au moto.
5. Akijigonga kichwa, weka kanga au sweta chini ya kichwa.
6. Akishatulia, mpe maji na muda wa kupumzika. Usianze kumhoji.

Baadaye kumbuka nini kilitangulia: njaa, kelele, mabadiliko ya ghafla? Ukikijua, mara nyingine utamwahi. Na kama anakakamaa, anatikisika mwili mzima au anapoteza fahamu, huenda ni kifafa, ambacho huwapata baadhi ya watu wenye usonji. Hiyo ni hospitali, kwa sababu kifafa kina dawa.

MAMBO YA KUFANYA KILA SIKU

Ratiba ya picha. Chora kwenye kipande cha boksi: kuamka, choo, uji, kucheza, kuoga, kulala. Mwoneshe kila hatua. Mtoto anayejua kitakachofuata hupungukiwa na hofu.

Picha za kuombea. Chora kikombe, chapati, mpira. Anataka maji? Akupe picha ya kikombe, nawe umpe maji papo hapo. Usiogope kwamba picha zitamfanya asijifunze kusema. Hazimzuii, na wengine huwasaidia kuanza.

Ingia kwenye mchezo wake. Anapanga vifuniko? Kaa chini, na wewe panga. Kisha mpe kimoja, subiri akutazame. Huko ndiko kuzungumza kunakoanzia.

Kazi ndogo. Kupeleka sahani, kukunja kanga, kuchambua mchele. Gawa kazi vipandevipande na umsifu kila hatua.

Usalama. Watoto hawa hutangatanga, na wengi huvutwa na maji. Funikeni kisima na mapipa. Wekeni komeo juu ya mlango, asikofikia. Shoneni namba ya simu ya mzazi ndani ya shati lake. Waambieni majirani na bodaboda wa kijiweni: "Mkimwona peke yake, mshikeni mkono, mtuite." Hayo ni bora kuliko kamba mguuni. Mama anayemfunga mtoto kamba mara nyingi si katili, ni mtu aliyekosa msaada. Mpeni msaada, kamba itafunguliwa.

Mwili unaokua. Mtoto mwenye usonji naye anabalehe kama wewe. Mfundishe kwa picha kuhusu hedhi, ndoto nyevu, na mambo ya faragha, kabla hayajamkuta. Mfundishe kwamba hakuna mtu wa kumchezea sehemu za siri, awe ndugu au mgeni. Watoto wasioweza kusema hushambuliwa kirahisi, kwa kuwa mkosaji anajua hawatasema. Ukiona michubuko au tabia imebadilika ghafla, mwambie mtu mzima unayemwamini, au piga simu ya watoto namba 116. Ni bure.

NA WEWE MWENYEWE JE?

Umewahi kuona haya rafiki zako wakija kwenu? Umewahi kumwonea wivu, kwa sababu yeye ndiye anayeangaliwa na wewe hakuna anayekuuliza umefaulu vipi? Umewahi kumkasirikia mpaka ukajichukia? Kama jibu ni ndiyo, wewe si mbaya. Ndugu wengi hupitia hayo, na wakati huohuo wanampenda. Usiyafungie moyoni. Tafuta mtu wa kumwambia. Na wazazi, mkisoma hapa: mtengeeni huyu mwingine dakika kumi za peke yake. Muulizeni habari za shule.

WAPI PA KWENDA

Anzieni kituo cha afya mlichokaribu nacho, mkiwa na kadi ya kliniki ya mtoto. Mwombe rufaa ya kwenda kwa daktari wa watoto au wa afya ya akili katika hospitali ya mkoa au ya rufaa. Mkaulizie pia mtaalamu wa matamshi na lugha, na ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya. Shirika la Afya Duniani limeandaa mafunzo kwa familia zenye watoto wa miaka 2 hadi 9: vikao 9 vya pamoja na ziara 3 za nyumbani, na wanaoyaongoza si lazima wawe madaktari bingwa. Ulizeni kama yamefika kwenu.

Hakuna dawa inayoondoa usonji. Dawa husaidia mambo yanayoambatana nao, kama kifafa au kukosa usingizi. Kwa hiyo anayewauzia chupa ya "kuponya usonji" anataka hela yenu. Na wapo wanaouza maji yenye dawa ya kuulia vijidudu na kufanyia weupe. Hayo huchoma tumbo na yanaweza kuua.

Shule nayo ni haki yake. Tanzania ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayotambua haki yao ya kusoma kama wengine. Shule ya Msingi Msimbazi Mseto ya Dar es Salaam, na City Primary ya Nairobi, ni miongoni mwa shule za umma zilizopata vitengo vya watoto wenye usonji. Vitengo bado ni vichache, kwa hiyo mzazi aulize kwa afisa elimu maalumu wa wilaya, na asikubali jibu la "mkae naye tu nyumbani".

Na matumaini yapo. Temple Grandin wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1947, alichelewa sana kusema. Leo ni profesa wa sayansi ya wanyama, na anasifika kwa kubuni mazizi na njia za kupitishia ng'ombe bila kuwatisha, kwa sababu anaona yanayowashtua. Hatusemi kila mtoto atakuwa profesa. Mwingine ushindi wake ni kuvaa shati mwenyewe, au kumwita mama kwa mara ya kwanza akiwa na miaka tisa. Na huo ni ushindi kweli.

KWELI AU SI KWELI?

1. Usonji huambukiza mkila sahani moja. SI KWELI.
2. Mtoto asiyesema haelewi chochote. SI KWELI. Wengi wanaelewa zaidi ya wanavyoweza kuonesha, kwa hiyo usimsengenye mbele yake.
3. Mdogo anayezaliwa baada ya mtoto mwenye usonji achunguzwe mapema. KWELI. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulikuta karibu 1 kati ya 5 wa wadogo hao nao wana usonji. Wengi hawana, ila kuwahi kunasaidia.
4. Mtoto mwenye usonji hana upendo. SI KWELI. Anaonesha kwa namna yake. Akikuletea kifuniko chake anachokipenda kuliko vyote, amekupa kikubwa.

JADILINI KATIKA KLABU YENU

• Shuleni kwetu tunawaita wenzetu majina gani, na leo tunaacha lipi?
• Mwenzetu akikosa shule mara kwa mara kwa kulea ndugu, darasa linaweza kumsaidiaje kupata nukuu za masomo?
• Mtaani kwetu kuna mama ambaye tunaweza kumshikia mtoto kwa saa moja Jumamosi hii?

Swali la mwisho msilimalizie kwenye daftari. Nendeni wawili wawili, mpige hodi, mseme "Shikamoo mama, tumekuja kukupokea." Ila kwanza kaeni naye mtoto siku mbili tatu mama akiwepo, mjifunze anapenda nini na anaogopa nini. Saa moja ya kulala mchana bila wasiwasi kwa mama huyo ni dawa.